Nilisema Naweza

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi ya kompyuta hapa hapa Kolwezi, katika ofisi moja yenye baridi ya mashine na viti vinavyozunguka. Juzi alikuja kunisalimia akiwa amenuna. Nilipomuuliza kulikoni, akanieleza kwamba kuna programu moja ndogo ambayo ofisi nyingi za dunia zinaitumia bila hata kujua, kwa sababu imefichika ndani ya programu nyingine kama chumvi ndani ya mboga. Haiuzwi. Anayetaka anaichukua, anaifungua, anaisoma mstari kwa mstari na kuirekebisha. Anayeitunza ni mtu mmoja tu, huko kwake nyumbani, na mtu huyo ameandika kwamba amechoka na anaacha. Sasa ofisi yao nzima inahangaika.

"Tantine, bantu bote banaitumia, na hakuna hata moja mwenye alimusaidia," aliniambia.

Nikamuuliza kama watu waliweza kuisoma hiyo programu.

"Bote. Iko wazi."

"Na nani aliisoma?"

Akacheka. "Nani iko na temps?"

Nikamwambia anywe chai, inapoa. Hakujua kwa nini nimekuwa mkali, na mimi sikumweleza. Nina umri wa kusema ninachotaka, lakini jambo hili limenikaa kooni zaidi ya miaka ishirini na haliendi juu wala chini. Basi naliandika. Atasoma mwenyewe akipata huo wakati, hiyo temps yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kazi yangu ilikuwa kupiga mashine katika hospitali moja ya wafanyakazi wa mgodi. Mgodi wenyewe ulikuwa unakufa. Viwanda vya kuchenjua shaba vilikuwa vinasimama kimoja kimoja, magari ya kazi yaliwekwa juu ya matofali, na watu waliokuwa wakijivunia unga wa kila mwezi walianza kulima mihogo nyuma ya nyumba za kampuni. Hospitali nayo ilikuwa inakonda pamoja nasi. Shuka ziliisha, kisha sabuni, kisha filamu za picha za mifupa. Kilichobaki kikifanya kazi barabara ni chumba chetu, mwisho wa korido ya wagonjwa wa sukari, na kilifanya kazi kwa sababu ya mtu mmoja.

Nitamwita Tata, yaani baba, kama tunavyomwita kila mzee huku na kama nilivyomwita siku zote. Alikuwa mtu wa Kasai. Babu yake aliletwa na mgodi wakati wa Wabelgiji, baba yake alizaliwa Kolwezi, yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na Kasai alikuwa ameiona mara moja tu, alipokwenda kuzika. Baba yangu mimi alitoka upande wa Musumba akiwa kijana mwenye sanduku la mbao. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, Tata alikuwa mtoto wa Kolwezi kabla yetu. Lakini siku zile watu hawakuwa wakihesabu hivyo.

Kompyuta yetu ilikuwa imetupwa na ofisi nyingine. Ilikuwa na kioo cheusi na herufi za kijani, na printa yake ilipiga kelele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili walilalamika. Hakuna aliyemwomba Tata aandike programu. Aliona tu wauguzi wakipekua kadi za wagonjwa kwa vidole vilivyolowa, sindano za dawa ya sukari zikiharibika kwenye friji huku mwenye kuzihitaji yuko nyumbani hajui, akakaa msimu mzima wa mvua akaandika. Ilikuwa kazi rahisi kuieleza: kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ndani ya mashine, kadi ilijua amepewa dawa kiasi gani na itamtosha siku ngapi, na kila alasiri mashine ilitoa orodha ya wale wa kesho. Tuliibandika mlangoni. Aliyeona jina lake alikuja kesho yake kuchukua dawa. Asiyeliona alirudi nyumbani, akapita tena siku nyingine kutazama. Dawa ilikuwa chache sana, ikija kwa treni inapotaka, lakini kwa orodha ile hakuna aliyepewa mara mbili na hakuna aliyesahauliwa.

Habari ikaenea. Zahanati ya reli ya Mutshatsha ikataka, Tenke wakataka, masista wakataka. Tata aliwapa wote, kama mtu anayegawa vipande vya mihogo ya kupanda. Pamoja na kila disketi alitoa programu nzima ikiwa imechapwa kwenye yale makaratasi marefu yenye matundu pembeni, na aliwaambia wote maneno yale yale: "Musome. Mukiona kosa, mutengeneze, kisha muniambie." Hakuna aliyemwambia kitu. Ikitokea shida Tenke, walipanda treni kumfuata. Nakala yetu wenyewe aliitundika kwenye msumari karibu na dirisha ili yeyote asome. Wauguzi walikuwa wakichana kurasa kufungia karanga. Mimi pia nilichana. Karanga nilizokula kwenye ile programu ningezisoma badala ya kuzila, ningekuwa mtu mwingine.

Lazima niseme hili pia: alinifundisha. Mimi nilikuwa mpiga mashine tu, niliajiriwa kuingiza kadi. Yeye alinifundisha kuchapa orodha, kuokoa disketi iliyogoma, kusafisha kichwa cha printa kwa spiriti. Alikuwa akiniita "mama" ingawa umri wangu ulikuwa wa binti yake, na nilipokosea alivua miwani, akaifuta polepole, ndipo akasema. Mkewe hakupenda. Siku moja alimletea bukari na sombe, ugali na mboga ya majani ya mihogo, akanikuta nimekaa kwenye kiti cha mumewe, vidole juu ya vitufe, yeye amesimama nyuma yangu kama mtumishi. Akamwambia kwa Kiswahili, makusudi, ili nisikie.

"Unamufundisha kazi yako yote. Siku banatufukuza, utabakia na nini?"

Tata akacheka. "Mi nikikufa leo, hii mashini itakuwa paka meza, meza tu, ya kutiapo kikopo ya chai. Unataka vile?"

"Mi nataka batoto yangu bakule," mkewe akasema, akaondoka na sahani.

Nilimwona mwanamke mwenye wivu. Nilikuwa mjinga, lakini ujinga wa kijana mwenye kazi una raha yake, na mimi nilikuwa nayo tele.

Kitu kimoja tu sikukutana nacho. Betri ndogo ya saa ndani ya mashine ilikuwa imekufa na nyingine haikupatikana. Kwa hiyo kila asubuhi, mashine ikiwashwa, ilikuwa haijui ni siku gani. Tena Jumapili hatukutoa dawa, wala sikukuu, wala siku ambazo treni ya dawa ilichelewa. Tata aliona ni rahisi zaidi mashine imuulize yeye mwenyewe. Ilimuuliza maswali mawili, anajibu, basi, kazi inaanza. Alikuwa anafika kwa miguu alfajiri. Mimi nilikuwa nakaa Manika na kutegemea basi la wafanyakazi, na basi lile siku hizo lilikuwa likisukumwa zaidi ya kuendeshwa. Nilipoingia, mashine ilikuwa tayari imeuliza na kujibiwa.

Kisha wakaanza kufukuza watu.

Sitaeleza yote. Wenzangu wa umri wangu wanajua, na waliokuwa upande wetu wanajua zaidi ya wanavyosema. Redio ilisema, wakubwa walisema, vijana wakafanya. Watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, na mimi nilisikia neno hilo kanisani, likitoka kwenye mdomo uliotoka kuimba. Nyumba ziliwekewa alama. Familia zilitoka na magodoro kichwani kwenda stesheni kungoja treni ya kuwapeleka Kasai, na treni haikuja. Walikaa pale siku, kisha juma, kisha majuma. Kila siku wengine waliongezeka.

Hospitalini, walimu wa wauguzi waliondoka, mafundi wa maabara waliondoka, mpishi aliondoka. Tata alibaki. Daktari mkuu wetu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini vijana walipokuja na orodha yao alisimama mlangoni akawaambia kwamba huyu mmoja haondoki, kwa sababu mashine ya dawa ya sukari inajulikana na yeye tu, na kati ya wagonjwa wa sukari wamo baba zao na mama zao. Vijana wakaenda. Walirudi mara ya pili, akawaambia vile vile. Hivyo ndivyo Tata na mkewe na watoto wao wanne walivyoendelea kulala ndani ya nyumba, wakati jirani zao wote wamekwisha kwenda stesheni. Kilichowalinda ni kwamba hakukuwa na mwingine anayejua.

Mara ya tatu vijana hawakuja peke yao. Walikuja na bwana mmoja mwenye suti na faili. Sikumbuki alijitaja kutoka ofisi gani. Alikuwa na adabu, ndiyo mbaya zaidi. Aliingia chumbani kwetu, akasalimia kila mtu kwa mkono, pamoja na Tata, akamsikiliza daktari mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole:

"Dokta, mu hospitali nzima hakuna hata mutoto moja wa huku mwenye kuyua hii mashini?"

Daktari akasema hakuna.

Yule bwana akanigeukia. Nilikuwa nimekaa mbele ya kioo, nina kadi mkononi. "Na huyu mama? Iko nafanya nini hapa?"

Hata leo naweza kukwambia nani alisimama wapi. Daktari alikuwa akinitazama na kichwa chake kikitikisika kidogo sana, kidogo kiasi kwamba ungeweza kusema hakikutikisika. Tata alikuwa akifuta miwani. Vijana walikuwa mlangoni, mmoja wao wa mtaa wetu, anayejua nyumba ya mama yangu. Niliogopa, ndiyo. Ningesema siwezi, wangesema namlinda. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa baadaye, na si ya uongo. Lakini haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa kwamba tangu nizaliwe hakuna mtu mwenye suti aliyewahi kuniuliza kama naweza kitu.

"Naweza," nikasema.

Daktari akauliza polepole, "Unaweza kweli, mama? Yote?"

"Naweza, dokta. Yote."

Yule bwana akaandika kitu kwenye faili lake, akashukuru. Tata alipewa mpaka jioni kukabidhi kazi, na mpaka asubuhi kuhama nyumba. Alitumia muda ule kupanga disketi kwenye sanduku lake na kuziandikia majina kwa mwandiko wake mzuri, kisha akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu mkubwa kitu.

"Mama, kuko kintu unataka kuniuliza?"

"Hapana, tata. Nayua yote."

Ilikuwa Jumanne. Jumatano niliamka gizani, nikatembea kwa miguu kama yeye, nikafungua chumba, nikawasha mashine. Kioo kikawa kijani. Likatokea neno moja:

LELU?

Nilicheka. Alikuwa ameandika kwa Tshiluba, lugha ya mama yake, kwa sababu maswali yale alikuwa akijiuliza mwenyewe. Lelu nilijua, ni leo, nani hajui. Nikaandika tarehe ya leo. Likatokea la pili:

MAKELELA?

Hapa nilijivuna tena. Uani kwetu kulikuwa na mama mmoja wa Kasai, sasa yuko stesheni na yeye, ambaye kila asubuhi bombani alitusimulia mumewe alivyorudi amelewa, na kila hadithi ilianza na neno hilo: makelela, makelela. Kwa hiyo nilijua. Makelela ni jana. Nikaandika tarehe ya Jumanne. Mashine ikakubali. Mashine inakubali chochote.

Ningeweza kuuliza. Lakini waliojua Tshiluba walikuwa stesheni, na wachache waliobaki walikuwa wakiapa kwamba hawajawahi kukisikia. Na mimi, mtu aliyesema jana jioni anajua yote, asubuhi nianze kuuliza maana ya neno moja? Mchana simu ya reli ikalia, Mutshatsha. Karani wao naye alikuwa ameondoka. Mashine inawauliza maswali mawili, wajibu nini?

"La kwanza leo, la pili jana," nikawaambia, kwa sauti ya mkubwa wa kazi. Mpaka sasa sijui kosa hilo liliwafanya nini. Sikuwahi kuuliza.

Alasiri nikachapa orodha, nikaibandika mlangoni. Ilikuwa na majina ya watu waliochukua dawa Jumanne. Mimi sikuliona hilo, kwa sababu majina yalikuwa majina. Wao waliliona. Waliona majina yao yamerudi, wakafikiri labda mgawo umeongezwa, au ni huruma ya Mungu, wakaja Alhamisi wakachukua tena, kimya kimya. Siwalaumu. Mwenye ugonjwa ule siku zile akipewa dawa hakuuliza swali. Alhamisi alasiri yakatoka majina ya Jumatano, nao Ijumaa wakachukua mara ya pili.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuendesha grue, ile mashine kubwa ya kunyanyua mizigo mgodini. Siku zote alikuwa wa kwanza kufika kusoma orodha, na begi lake la plastiki lenye chupa aliyoizungushia kitambaa kibichi ili dawa isipate joto. Siku yake ilikuwa Alhamisi. Jumatano alasiri alisoma orodha juu mpaka chini, akagonga.

"Mama, sijione. Na ya kwangu imeisha."

"Tata, kama jina haiko, siku haiyafika."

"Mama, angalia tena."

"Mashini haikosee, tata," nikamwambia. Nilisema hivyo bila kugeuka.

Alhamisi akaja tena. Alikuwa akipumua kwa mdomo, midomo imekauka, na alikunywa maji ya bomba la korido mpaka mlinzi akamtania. Nilimpa jibu lile lile. Ijumaa alasiri jina lake lilitoka, la tatu kutoka juu, aje Jumamosi. Hakuwepo kulisoma.

Jumamosi asubuhi muuguzi aliingia na katoni tupu, akaiweka juu ya printa. Dawa ya juma ilikuwa imeisha, na wenye zamu ya Alhamisi na Ijumaa walikuwa bado hawajapata. Daktari akachukua orodha za juma lile na za juma la nyuma, akazipanga mezani, akazitazama muda mrefu. Akaniambia orodha zangu ziko nyuma siku mbili, lakini haelewi kwa nini. Mimi nilianza kuelewa. Jumatatu binti wa yule mzee alikuja kurudisha kadi. Alisema baba amezikwa jana. Aliomba msamaha kwa kutoleta kadi mapema zaidi.

"Enda ku gare," daktari akaniambia. "Treni haiyakuya. Enda umuulize."

Stesheni haikuwa mbali, ungeenda na kurudi kabla bukari haijapoa. Na tangu watu waanze kupelekwa pale, mimi sikuwa nimekanyaga hata mara moja. Nilikuwa nikizunguka kupitia sokoni. Siku ile nilikwenda, na nilichobeba ni daftari na kalamu. Nilifikiri juu ya vitu vingi njiani lakini sikufikiri kubeba unga.

Watu walikuwa wamekaa kando ya reli mpaka mbali, chini ya plastiki na mabati na milango ya nyumba zao waliyoing'oa ili isibaki. Kulikuwa na cherehani, makabati, picha za harusi zimeegemezwa mawe. Walikuwa wakipikia kwa miguu ya viti. Watoto walikohoa, kukohoa kwa surua ninakokujua, na upande wa nyuma wa maghala kulikuwa na vilima vidogo vya udongo mpya ambavyo nilijilazimisha kutovihesabu. Hakuna aliyenitukana. Walinitazama tu nikipita na viatu vyangu vya kazi.

Mkewe ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa amekaa juu ya sanduku akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakunisalimia, akasema jina la mumewe kwa sauti ya chini, naye akatoka chini ya plastiki. Ndevu zilikuwa zimemwota nyeupe. Aliposhika mkono wangu alifurahi kweli, hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuivumilia.

"Mama! Mashini iko?"

"Iko, tata." Nikafungua daftari. "Nilitaka paka kuuliza neno moja tu. Makelela."

Akavua miwani, akaifuta. "Ee Mungu wangu. Nilisahau. Nilisema nitatia mu Kiswahili." Kisha akanifafanulia, kama kwamba tuko chumbani kwetu, printa inalia. Makelela ni jana, na makelela ni kesho. Neno ni moja. Anayesikiliza anajua kwa kitenzi: kama mtu alikwenda au atakwenda. Hata kwa Lingala, lugha ya askari, wanasema lobi, ni vile vile, si unawasikiaga? Nilikuwa nasikia, kila siku. Lakini kwenye kioo kile, akasema, hakukuwa na kitenzi. Kulikuwa na neno peke yake na alama ya kuuliza. "Mi nilikuwa naulizaka kesho," akasema. "Siku ya kutoa dawa yenye inafuata. We ulitia nini?"

"Jana."

Akahesabu kwenye vidole, nikamwona akihesabu.

"Siku ngapi?"

"Moja tu, tata. Tuliona kosa mbio."

"Moja," akarudia, akapumua. "Haina mubaya. Na siku moja baliweza kuvumilia."

Kisha akaniketisha kwenye ukingo wa godoro, akaanza kunifundisha tena. Aliniandikisha kila neno la Tshiluba lililokuwa ndani ya programu, na alikumbuka mistari yote bila karatasi: hapa neno hili lina maana hii, hapa nilifanya haraka, hapa mwezi wa pili utakusumbua. Niliandika kurasa kumi na moja. Jua lilisogea. Mtoto wao wa mwisho alikuwa amelala nyuma yake na homa, na mara kwa mara, huku akiendelea kusema, alirudisha mkono kumgusa paji la uso.

Nilipofunga daftari nilitaka kumwambia kile nilichosema siku ya yule bwana mwenye faili, ingawa alikuwepo akasikia. Nilitaka kukisema tu. Nikaanza, "Tata, ile siku nilisema naweza," nikabaki nikifunga na kufungua kalamu.

"Nilisikia," akasema. "Dokta alikuya usiku ule ku nyumba. Alitaka kutuficha kwa masista, mpaka mambo itulie. Alisema we hauwezi, unasema tu. Mi nikamukatalia. Nilimwambia, mimi ndiye nilimufundisha, kama anasema anaweza, anaweza. Sasa bagonjwa beko na mutu, mi naweza kuenda na batoto yangu bila kuweka masista mu hatari." Akatabasamu. "Na ule tata wa grue, mwenye kugonga mulango kila siku? Anakuyaka?"

Mkewe aliacha kuchambua. Alinitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Anakuyaka, tata," nikasema. "Eko muzima."

Tata akamgeukia mkewe, na akamwambia kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie: "Unaona? Nilikuambia huyu mutoto atafanya kazi muzuri."

Mkewe aliinamisha kichwa, akaendelea na maharagwe yake.